Walipaka buluu juu ya ziwa la Keza

Alhamisi, Baraka. Mvua imepiga tangu alfajiri, na sasa imekatika lakini mi bado niko na hasira. Naandika hapa maana nyumbani hakuna wa kumwambia bila kupaza sauti.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu. Maktaba yetu iko na chumba kimoja cha kutundikia picha, na kila juma darasa moja linakuja. Watoto wanaangalia, kisha wanakaa chini na kuchora wenyewe. Rangi za dukani hazitoshi, kwa hiyo tunachanganya udongo mwekundu na gundi, tunasaga makaa, tunatumia buluu ya kufulia nguo. Mikono inachafuka mpaka kwenye viwiko. Ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote.

Juma lililopita lilikuja darasa la tano. Niliwaambia wachore ziwa. Wengi walichovya kwenye buluu. Keza, msichana wa miaka kumi na moja ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, alisogeza ile buluu pembeni na kuvuta bakuli la udongo. Alichora maji ya rangi ya matope, majani ya muhogo yakichungulia juu yake, na katikati mwanamke aliyesimama maji kiunoni, beseni kichwani.

Sikumuuliza kitu. Kila mtu hapa anajua mto wetu Mutambala ukifurika unafanya nini kwa mashamba ya chini.

Leo darasa lilikuwa lirudi kuona picha zao ukutani, siku ileile ya kuja kwa wageni kutoka Bukavu, wale wanaotupa vitabu. Kwa sababu ya mvua hakuna pikipiki iliyokubali kunibeba. Nilitembea, nikafika nimechelewa na nimelowa, na watoto wamekwisha kuingia.

Picha sita zilikuwa zimepakwa upya.

Mkurugenzi wetu alimwita fundi anayeandika majina ya maduka, akamwambia azitengeneze. Ya Keza iliharibika kuliko zote. Maji yamekuwa buluu safi, na pale katikati kuna mtumbwi na ndege weupe wawili. Chini, kwa herufi nzuri za fundi, jina la Keza.

Nilikuwa bado nakamua kitenge changu wageni walipoingia. Mama mmoja wao, mpole, alisimama mbele ya picha hiyo.

“Ni nani alichora hii?”

Mkurugenzi akamshika Keza begani. “Ni huyu.”

Yule mama akainama akamuuliza alikuwa anawaza nini alipochora. Keza akabaki akiangalia ule mtumbwi. Mkurugenzi akacheka, akasema mtoto iko na haya. Kisha wote wakanigeukia mimi, ninayewafundisha kuchora.

Nikasema, “Ndiyo, mama. Ni Keza alichora.”

Niliyasema kwa mdomo wangu. Sitaki kuandika kwamba nililazimishwa.

Wageni walipopelekwa ofisini kunywa Fanta, watoto walibaki wakitafuta picha zao. Keza alikuja karibu yangu, akaongea polepole, kama mtu anayeuliza njia.

“Mama Riziki, mama yangu iko wapi?”

Sikuelewa mara moja. Akanyoosha kidole kwenye ule mtumbwi. “Alikuwa pale. Bamemutoa?”

Ndipo nilipojua yule mwanamke mwenye beseni alikuwa nani.

Nilitoa picha ukutani, nikaingia nayo ofisini bila kubisha. Mkurugenzi akasimama. “Mama Riziki, ngoja kwanza bagenyi baende.”

“Papa Mkurugenzi, kwa nini mulipaka juu ya kazi ya batoto?”

“Mutoto alikosa. Ziwa haiko rangi ya matope. Sisi bakubwa tunasaidia.”

“Hakukosa. Aliona.”

Akasema kwa sauti ya chini, “Unanipatisha haya.” Haya. Neno lile lile alilompa Keza.

Nikamgeukia yule mama wa Bukavu nikamwambia nilimdanganya. Hii si picha ya mtoto, ya mtoto iko chini ya rangi hii. Aliweka chupa yake mezani. Aliomba Keza aitwe, na safari hii Keza alijibu: maji yaliingia shambani, mama yake akaenda kung’oa muhogo kabla haujaoza, yeye akamngojea kwenye tuta mpaka akarudi. Ni hayo tu. Hakuna aliyecheka.

Yule mama alimwomba Keza msamaha. Mkurugenzi hakuomba. Wageni walipoondoka aliniambia nikae nyumbani mpaka aniite, na Papa Asukulu, mwalimu wa darasa, aliwapanga watoto mstari bila kuniangalia. Labda anaogopa kwamba shule yake haitaalikwa tena. Namwelewa, na bado inaniuma.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: tunawaambia watoto njoo uguse, njoo ufanye kwa mikono yako, halafu mikono yao ikisema jambo tusilopenda, tunalifunika na kuacha jina lao chini yake. Na mimi niliweka sahihi kwa mdomo.

Kabla hawajatoka nilimpa Keza karatasi mpya na bakuli la udongo. Nilitaka achore tena. Labda nilitaka anipunguzie mzigo.

Akavirudisha mezani taratibu. “Mi nilishachora,” akasema, akaenda kwenye mstari.

Iko sawa. Sina haki ya kumdai picha ya pili.

Kesho asubuhi sitangoja kuitwa na mkurugenzi. Nitaenda kwao, nimtafute mama yake, nimwambie kwamba mi ndiye niliyesema ndiyo. Sijui nitaanza na neno gani. Nitaanza tu.