Kompyuta Bado Haijaamka, na Mke Amekwenda Logiri

Mpendwa Mama Margarita,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinicheke, kwa sababu hapa Koboko wameshanicheka vya kutosha. Nina duka la kuchapa karibu na soko, kadi za harusi, mitihani ya shule, barua za watu wanaotafuta kazi, na kompyuta yangu ya mezani niliinunua kwa mfanyabiashara wa Ariwara baada ya kuuza tumbaku yangu yote. Kazi tumegawana na mke wangu Candiru, yeye anachapa, mimi ninatunza jenereta, na mwanzoni mashine ilikuwa tayari hata kabla mteja hajapata mahali pa kukaa, lakini siku hizi ukiiwasha asubuhi inaleta kioo cha buluu, inaanza kujikagua pole pole, ikimaliza hapo inafungua kalenda, inafungua kalkuleta, inafungua mchezo wa karata, inafungua picha ya maua, maana nilimwomba fundi Camille apange vyote vijifungue vyenyewe, kwani duka likifunguliwa vitu vyote si huwekwa nje mteja avione, na mpaka ikae sawa wateja wameshakwenda kunywa chai na wengine hawarudi.

Mama, mimi niliona kosa ni la Candiru. Jioni nikitaka kuzima jenereta, kwa sababu mafuta si maji ya mto, yeye kila siku anapaza sauti kutoka ndani, "Ngoja! Bado! Mimi bado nafunga!" na mimi naona kazi imekwisha, mteja hayuko, karatasi zimekatwa, sasa anafunga nini, basi nazima, kwani nikimsikiliza jenereta itakesha. Nikasema moyoni, mtu anayechelewa kufunga jioni ndiye huyo huyo anayeichelewesha mashine asubuhi.

Wiki iliyopita ndugu wa bwana harusi mmoja wa Ombaci, anayeoa huku kwetu, walikuja kuchukua kadi, wametoka na lori tangu alfajiri, na kompyuta inajikagua, inajikagua tu, aibu ikanishika nikasema mbele yao, "Huyu mke wangu, watu wa kwao wanajua jembe tu, mashine hapana." Candiru aliketi mbele ya mashine. Alichapa kadi zote, akazikata vizuri, akawaaga wageni, ndipo akanigeukia. "Mimi nasema ngoja, wewe unazima. Kila siku ngoja, kila siku unazima. Sasa mimi nakwenda kwetu, wewe bakia na jenereta yako." Yuko Logiri mpaka leo, na shemeji yangu Drani ametuma habari kwamba Jumamosi atakuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Nguo zikiondoka, Mama, mke ameondoka kabisa, hata mimi ninajua.

Camille anasema ninunue kompyuta mpya nimpelekee Candiru kama zawadi. Rafiki yangu Lokule anasema niajiri Odile, binti wa Kikongo anayechapa upesi sana, ili Candiru aone wivu arudi. Nifuate lipi? Nyumba imenyamaza, ninakula muhogo bila mboga, na mashine bado inachelewa kuamka. Nampenda mke wangu.

Mwenye Jenereta, Koboko

*

Bwana Mwenye Jenereta,

Sitakucheka. Nitatabasamu kidogo tu, univumilie.

Candiru yuko Logiri, mkono wake haufiki Koboko, na wewe mwenyewe umeandika kwamba mashine bado inachelewa. Sasa anayeichelewesha ni nani? Labda mbuzi wa jirani.

Barua yako nilimpelekea Adrabo, anayetunza kompyuta za gazeti letu hapa Arua. Alisoma mpaka mahali pa jenereta, akashika kichwa. "Huyu mutu iko naua mashine kila jioni," akasema. "Asubuhi inaamka, inaangalia kwanza kama iko mzima." Maana yake ni hii: kompyuta si taa. Kabla ya kulala ina mambo yake ya kuweka mahali pake. Ukiikatia umeme ghafla inaamka kesho bila kujua nini kimepotea, basi inakagua kila pembe, na hicho ndicho kioo chako cha buluu. Candiru aliposema bado anafunga, alikuwa anaifunga kompyuta! Dawa uliyoitafuta kwa Camille na kwa Lokule ilikuwa inapigiwa kelele dukani kwako kila jioni, bure, nawe ukaizima pamoja na jenereta.

Na hiyo karata je? Mtu amekuja kuchapa barua ya kazi, maua ya nini? Muuza sabuni apange sabuni zake barazani, sawa, haimlemei. Kompyuta yako inabebeshwa mizigo yote hiyo kabla haijafungua macho vizuri. Camille aliyeipakia na aipakue yote, na asikuuzie kitu kingine siku hiyo. Kompyuta mpya utaiua vile vile ulivyozoea. Odile mwache afanye kazi zake; leo utamwita hodari, baada ya siku chache naye utamwita mzembe, na wivu haumrudishi mwanamke aliyetukanwa mbele ya wateja. Utamfanya atume watu wachukue na sufuria.

Fanya hivi. Asubuhi kioo cha buluu kikija, kiache kimalize, usikikatize. Jioni, kabla ya kugusa jenereta, kompyuta ifungwe kwa utaratibu wake mpaka yatokee maandishi ya rangi ya chungwa yanayosema sasa unaweza kuizima. Ukiyaona hayo, ndipo mkono wako uende kwenye jenereta. Candiru anayajua. Ungemwuliza, angekuonyesha.

Lakini asiyekuwepo haulizwi, kwa hiyo usimngoje Drani Jumamosi. Nenda wewe Ijumaa. Panda lori mpaka Arua, utafute njia ya Logiri, na usibebe zawadi yenye waya. Mkeo ulimtukana mbele ya watu, basi utasema mbele ya watu, shemeji yako awepo, mama mkwe awepo: "Mashine niliiharibu mimi. Candiru aliniambia, mimi sikusikia." Ishia hapo. Usianze kuwaeleza bei ya mafuta.

Kisha Candiru atasema. Nakuonya, atasema kwa muda mrefu. Ataanza na jenereta, atapita kwenye jembe, huenda akafika mpaka mambo ya siku ya harusi yenu. Utadhani amemaliza, naye atakuwa bado. Kaa hapo hapo. Usisimame, usimkatize, usiangalie lori linaondoka saa ngapi. Ngoja mpaka afunge mwenyewe.