Pareto ya Mama Huku Idodi

Jumatano, 8 Mei
Nimemwagilia pareto kabla ya chai. Mistari mitatu nyuma ya jiko. Imestawi. Mama kaketi kwenye kigoda na mkongojo wake, ananyoosha kidole palipo na magugu. Mguu aliouvunja unapona. Unapona haraka mno. Mungu anisamehe, sitaki apone akaondoka. Pareto hii nilimwagizia miche kutoka shambani kwake Umalila ili apaone hapa ni kwake.

Jumapili, 12 Mei
Kaka Amoni kapiga simu kutoka Umalila. Anataka jibu. Kama Mama harudi, atang'oa pareto apande viazi. Nikamwambia harudi. Mama alikuwa chumbani, sikumuuliza. Mchana kutwa nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Jumatatu, 20 Mei
Hakuna hata tumba moja. Nimeongeza mbolea ya mbuzi. Majani tu, kama mchicha.

Ijumaa, 24 Mei
Majani. Nimetoka kuyachungulia mara tatu kabla ya saa nne. Baba Tumaini, mume wangu, anasema nitayachosha kwa macho. Ameniudhi. Yeye kwao ni hapa hapa, atajua nini?

Jumamosi, 1 Juni
Mama hakulala kwa joto. Asubuhi kauliza kama nyumbani wameanza kuchuma. Nimesema ndiyo, maua meupe mlima mzima. Akafurahi, akaniuliza wanaanika wapi. Nikasema kwenye mikeka yake. Sina haya.

Alhamisi, 6 Juni
Leo yamenishinda. Nimemkuta Mama anapalilia, mkongojo kauegemeza ukutani. Nikamuuliza pareto hii ina nini.

"Haichanui huku, mwanangu. Inataka baridi. Nilijua siku ile unaipanda."

Kwa nini hakusema? Akasema nilikuwa na furaha sana, nimejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Akaona asiniharibie. Miezi yote hii anapalilia kitu anachojua hakitatoa ua.

Nikalia. Nikamwambia yote, simu ya Amoni na jibu langu. Aliendelea kupalilia mpaka ugali ukaungua jikoni.

"Mpigie aweke jembe chini."

Amoni kapokea akihema. Nusu ya shamba imeshang'olewa.

Jumanne, 11 Juni
Umalila. Tumefika jana jioni. Njia nzima kwenye basi Mama hakunisemesha ila kuomba maji. Nilistahili. Baridi imeniingia mpaka kwenye meno, nilikuwa nimeisahau.

Asubuhi tumempeleka shambani, mimi mkono huu, Amoni ule. Juu maua meupe, yamefunguka sawasawa. Chini udongo mtupu, mashina yamerundikwa pembeni yamekauka. Amoni kavua kofia. Mimi sikujua nitazame wapi.

Mama kachuma ua moja, kalivunja kikonyo kwa kidole gumba, kalitia kikapuni. Halafu jingine. Mikono ilikuwa ikikimbia, wala haiangalii. Tukachuma naye. Kikapu kilipojaa akatazama ule upande mtupu kwa mara ya kwanza.

"Mvua zikianza utakuja. Tutapasua mashina haya ya juu tujazie."

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Jumapili, 16 Juni
Nimerudi Idodi peke yangu. Sikwenda kanisani, nimechoka. Baba Tumaini kapika chai, nzito kama ninavyopenda.

Kigoda bado kiko nyuma ya jiko. Pareto imelegea, hakuna aliyeimwagilia tangu tuondoke. Baba Tumaini kasema angeweza kuing'oa, tupande mchicha. Nimemwambia aiache.

Nimeteka ndoo mbili. Nimemwagilia mistari yote mitatu.