Stika za Mabehewa ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijaueleza mkasa wenyewe naomba uniwie radhi iwapo furaha itajipenyeza mahali ambapo ingestahili kukaa huzuni, kwa maana niko katika hali ambayo sijapata kuwamo: nina tatizo linaloninyima raha ya kula, na papo hapo sijawahi kufurahi namna hii tangu nilipovaa joho la mahafali.

Mimi ni kijana niliyehitimu shahada ya usanifu wa michoro, daraja la kwanza (nalitaja hilo si kwa majivuno bali kwa ukamilifu wa maelezo), nimeajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji kinachotengeneza lebo za chupa, na nina mchumba ambaye ni fundi wa maabara ya hospitali. Mama yake mzazi alikuwa mkaguzi wa mabehewa ya reli, yaani yule anayepita kando ya treni akigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza yanavyojibu, na baada ya kustaafu ameijenga upya njia yake ya reli ndani ya chumba cha kulia chakula, ikiwa ndogo kiasi kwamba behewa zima hutosha kiganjani. Reli hiyo inazunguka kuta zote, inapita chini ya kabati la vyombo na kutokeza kwenye kidirisha cha jikoni, na kwa kuwa meza imegeuzwa kuwa stesheni kuu, familia nzima hula sahani zikiwa mapajani na hakuna anayethubutu kulalamika.

Siku niliyokwenda kujitambulisha alikuwa chini ya meza hiyo, na sauti yake ndiyo iliyonipokea: "Wewe ndiye yule msomi? Haya, Msomi, shika waya huu. Salamu baadaye." Tangu siku hiyo sina jina jingine katika nyumba ile. Nasi tulipojikaza, mimi na mchumba wangu, tukamwambia kwamba tungependa kuzungumza naye kuhusu jambo letu, alijibu akiwa na brashi mdomoni: "Jambo lenu nalijua, hata jirani analijua. Tumalize kwanza mabehewa, yaende kwenye onyesho la treni ndogo yakiwa yamevaa, ndipo tukae tuzungumze. Treni iliyo uchi haipokei wageni."

Uchi aliousema, mshauri, ni ukosefu wa nembo. Mabehewa yale ameyaunda mwenyewe kwa plastiki bapa, ameyapaka rangi ya damu ya mzee kama yalivyokuwa ya kweli, lakini ubavuni hayana nembo, namba wala maandishi, kwa sababu njia ile ilikwisha fungwa na hakuna duka linalouza stika zake. Nazungumzia stika zile za kuloweka: utando mwembamba uliochapwa juu ya karatasi yenye gundi, unaukata, unautumbukiza majini kidogo, unateleza kutoka kwenye karatasi, nawe unauweka juu ya behewa kwa kibano na brashi hadi uonekane kana kwamba umepakwa rangi hapo hapo.

Nikajitwika kazi ya kuzitafuta. Maduka ya vifaa vya treni ndogo yalikuwa na stika za njia kubwa za mbali tu, na wakusanyaji niliowaandikia mtandaoni walinijibu kwa upole, isipokuwa mmoja aliyenishauri nimnunulie mama treni nyingine. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa nilipoingia katika duka la mabegi na vitu vya watoto lililokuwa linafungwa, nikauliza kwa kuuliza tu, na mwenye duka akavuta droo, akatoa karatasi moja ya stika za asili, zilizochapwa kwa ajili ya treni za kuchezea wakati njia ile ingali hai. Nikalipa bila kubishana bei, jambo ambalo mchumba wangu hajanisamehe mpaka leo.

Nikampelekea mama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akamwita bintiye: "Njoo uone. Huyu kijana ana macho." Mshauri, niliposikia maneno hayo nilijiona nimekwisha kuoa.

Sasa sikiliza balaa lilipoanzia. Kabla sijaikabidhi karatasi ile nilikuwa nimeipitisha kwenye skana ya kazini, na kesho yake, nilipoikuza picha yake, niliona kwamba utando wote umepasukapasuka kama tope lililokauka, kwa nyufa zisizoonekana kwa macho matupu, lakini utando ukiguswa na maji utasambaratika vipande visivyookoteka. Hapo ndipo nilipoamua kutengeneza zangu, na naomba unistahimili, kwa sababu sijui kama kuna kazi tamu kuliko hii. Watu wengi hawafahamu kwamba printa ya kawaida haina wino mweupe. Palipo peupe huiacha karatasi ijisemee yenyewe, na kwenye utando unaopenya nuru maandishi ya rangi ya maziwa yakiwekwa juu ya damu ya mzee yanamezwa yote, hubaki kivuli. Bosi wangu, Mungu amzidishie, aliniruhusu kutumia mashine ya lebo za chupa, ambayo ina wino mweupe, nikaweka weupe chini na rangi ya maziwa juu yake. Karatasi ya kwanza nilisahau kuipulizia vanishi, nikaiona nembo yangu ikiyeyuka bakulini kama sukari. Ya pili weupe ulisogea pembeni kidogo na kila herufi ikaota pindo. Ya tatu ilitoka, mshauri, ilitoka safi hata namba ndogo za uzito zikasomeka kwa kioo cha kukuzia, nami nikawaita wafanyakazi wenzangu wote pamoja na mlinzi waje washuhudie. Hata nilirekebisha kasoro ya zamani: nembo ni gurudumu lenye mabawa mawili, na katika ile ya asili bawa la kushoto limening'inia chini kidogo, kosa la wazi la mchapaji, nikalinyoosha likalingana na mwenzake.

Nikampelekea mama, nikamweleza kwa heshima kwamba hizi hazitapasuka na ni safi kuliko zile. Akazitazama kwa makini, akasema, "Nzuri sana, mwanangu. Zitie kwenye behewa lako. Mimi nina zangu." Nikasema, "Lakini mama, zile zina nyufa." Akanijibu, "Na mimi nina nyufa, mbona hamjanitupa?" Nikamwambia kuna vanishi inayoweza kuushikamanisha utando wa zamani, ingawa si hakika, akasema karatasi yake haipakwi kitu na mtu asiyeijua ilikotoka.

Alhamisi ijayo anakusudia kuzibandika, mimi nikimshikia kibano, na Jumamosi ndiyo siku ya onyesho. Zikisambaratika, mabehewa hayatakwenda, na jambo letu halitazungumzwa, na mkono utakaokuwa umeshika kibano ni wangu. Mchumba wangu anasema tubadilishe karatasi: atamwita mama yake jikoni, mimi nitaziweka zangu katika ile fremu ya kioo anamozihifadhi na kuzificha zake mkobani. "Mama hatajua," ananiambia. "Akiwa na furaha haoni hata chumvi aliyosahau kutia." Je, mshauri, huu ni udanganyifu, au ni huruma iliyopitia mlango wa nyuma? Nakuomba unijibu katika toleo la Jumatano.

Wako katika matumaini,
Msomi wa Stika

MSHAURI ANAJIBU

Msomi, pokea pongezi kwanza. Nimejibu barua nyingi za wakwe katika safu hii, wakwe wa ulevi, wakwe wa maneno, wakwe wasiotoka sebuleni, lakini wa kwako ni wa kwanza kuwa na stesheni. Na nikiri kwamba nilipomaliza kusoma nilimwendea mhariri nikamwuliza kama ofisi yetu ina wino mweupe. Haina. Kwa hiyo furaha yako imenifikia na sikulaumu kwayo hata kidogo.

Kwa yaliyobaki nitakulaumu.

Kwanza, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimtafuta mchumba. Nimempata akikasirikia bei, akiitwa na mama yake, na akipanga wizi. Hujaniambia anacheka vipi wala mmejuana wapi, ilhali wino mweupe umepata maelezo ya kumtosha bibi harusi. Mwambie mwenzio asisome gazeti la leo, au la, mpe asome, akuulize mwenyewe.

Pili, huo mpango wa kubadilisha karatasi. Unaniuliza kama ni udanganyifu. Mtu akiitwa jikoni ili mwingine amwibie sebuleni, ndugu yangu, hata mtoto wa chekechea anajua jina lake. Unasema hatajua. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba bawa la kushoto ulilinyoosha. Huyo mama amepita chini ya bawa hilo kila siku ya kazi yake, jua na mvua, halafu unadhani hataona limenyooka? Ndugu yako wa damu akija na meno mapya, utangoja kuambiwa na mtu? Tena umesema ni kosa la mchapaji. Ulimwuliza nani? Huenda ni kosa kweli. Huenda lilichorwa hivyo tangu mwanzo na wenye reli wakalipenda hivyo. Mwenye kujua alikuwa amekaa mbele yako na miwani yake, nawe ukamwonyesha kazi iliyokwisha, ukangoja makofi.

Hilo ndilo lililomkwaza, si stika zako. Ulimpa zawadi, akafurahi, kisha ukarudi kumwambia zawadi ni mbovu na ya kwako ndiyo bora. Ungekuwa wewe ungesemaje? Ungesema hivyo hivyo, ila usingekuwa na ulimi wake. Ile kauli yake ya nyufa nimeiandika ukutani kwangu.

Lakini kuhusu maji uko sahihi, na usimwachie atumbukize karatasi yake kwa sababu tu unaogopa kumuudhi. Heshima si kunyamaza huku unaona mtu anapoteza kitu asichoweza kukipata tena. Basi fanya hivi, na uende leo, usingoje Alhamisi.

Nenda na bakuli, na kioo chako cha kukuzia, na ile picha uliyoikuza. Usiende na hotuba. Mwonyeshe nyufa, mpe kioo mkononi mwake, halafu mwombe achague yeye namba moja ya pembeni asiyoihitaji, aikate yeye, ailoweke yeye. Wewe kaa. Ikiteleza nzima, utakuwa umepata habari njema, mwombe radhi kwa kelele zako na umshikie kibano Alhamisi bila neno. Ikisambaratika, ataona kwa macho yake, na hapo usiseme "nilikwambia." Hata uso wako usiseme. Mwulize anataka nini: mjaribu vanishi yako kwenye namba ya pili, au karatasi ibaki katika fremu yake kama ilivyo, iende kwenye onyesho ikiwa imewekwa kando ya treni watu waione, na mabehewa yavae za kwako. Uamuzi ni wake. Treni ni yake, na chumba cha kulia ni chake pia, ingawa nawaonea huruma wenye sahani mapajani.

Na akichagua za kwako, usimpe zile ulizochapa. Lirudishe bawa lilivyokuwa. Mwombe akae nawe akwambie literemke kiasi gani, kisha rudi kwa bosi wako mwema, chapa upya, na vanishi usisahau. Karatasi yako ya bawa lililonyooka itie kwenye behewa lako, kama alivyokwambia. Hukusikia alichokisema pale? Mama amekupa ruhusa ya kuwa na behewa katika nyumba yake, nawe ukasikia tusi.

Sasa jambo lenyewe, ambalo umelificha nyuma ya treni. Mama amewaambia mmalize mabehewa kwanza, nawe kwa elimu yako yote ukaamini kwamba kuna siku mabehewa ya aina hiyo yatamalizika. Msomi, hayamaliziki. Yakivaa nembo yatataka taa, yakipata taa stesheni itataka abiria, na mtaoana mkiwa na mvi. Sidhani kama anawazungusha kwa ubaya. Mtu anayefurahia wageni wake hana haraka ya kuwaaga, na binti akiolewa huondoka na anayeshika waya. Kwa hiyo msimngojee. Ninyi wawili, pamoja, kabla ya onyesho, mabehewa yakiwa uchi hivyo hivyo, mketi mbele yake mkamwambie mnataka kuoana, lini, na mtakaa wapi, na kwamba mtakuwa mnakuja. Mchumba wako ndiye aanze kusema. Mtu anayeweza kupanga wizi wa namna ile hawezi kushindwa kuzungumza na mama yake mzazi.

Akisema ndiyo, shukuruni, kisha rudi mezani umshikie kibano. Akisema bado, rudi mezani umshikie kibano vilevile, kwa mkono usiotetemeka, ili ajue kwamba hukuwa unamshikia kwa sababu ya binti tu.