Mchezo wa Mvua Maisaka

Shikamoo, Mama. Babati asubuhi kuna baridi kali, lakini nimeshiba perege wa ziwani na nina furaha.

Jana niliwachezesha wanafunzi wa shule moja huku Maisaka ule mchezo wangu wa hali ya hewa. Kila kundi lina shamba la karatasi na punje za mahindi, na dadu ndiyo inayoleta mvua au jua. Kundi la Paulina walipanda punje zote kwenye mvua ya kwanza. Dadu ikaleta jua, wakabaki mikono mitupu. Kabla sijawatoa mchezoni, wenzao wa meza ya jirani wakaanza kuwasukumia punje.

"Hairuhusiwi!" nikafoka. "Waliokosea msimu wanatoka!"

Paulina akasimama. "Tumekosea, mwalimu. Lakini jirani akikosa mbegu, unamtoa aende wapi?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Tukacheza wote mpaka kengele ikalia.

Nimekukumbuka, Mama. Vaa sweta. Halafu yule Mama Rehema, anayepanda mapema kila mwaka kisha anakuja kuomba mbegu, nilikwambia safari hii usimpe. Mpe tu.

Mwanao, Elia