Hedifoni Zisizojua Kusitiri

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mpiga besi. Miaka ishirini kwenye bendi, na hakuna aliyenifikia.

Haya, uongo. Miaka ishirini nilibeba spika. Besi nimepiga wimbo mmoja, siku moja, studio – mpiga besi mwenyewe kaamka na jino, shavu kama puto. Tukarekodi mara mbili. Mara ya kwanza nikapiga mimi, ya pili akapiga Kinyozi, mbeba spika mwenzangu. Ipi iliingia kwenye kaseti? Hatukuambiwa. Miaka arobaini tunabishana, kila mtu anasema ni yeye. Redio zetu zilikuwa za kukoroma tu, besi utaisikia wapi.

Mke wangu yeye hana shaka. Besi ile ndiyo iliyomfanya akubali posa yangu, anasema. Sijampinga. Nimpinge, nina wazimu?

Leo kaizima spika yangu. Eti vikombe vinacheza kabatini. Ninunue hedifoni au nihamie kwa Kinyozi.

Jumanne, 4 Machi

Fundi simu kaihamishia kaseti kwenye simu yangu. Nikamkokota Kinyozi dukani. Leo ubishi unakwisha!

Muuzaji ni binti wa miwani. Katuita babu. Nikamwambia babu ni huyu, mimi ni mchumba. Hakucheka. Akauliza, za kutembea nazo au za nyumbani? Zote mbili, mwanangu. Nyumbani nimepigwa marufuku, na njiani nimechoka kusikia watu.

Akaleta nyekundu. Hazina waya, zinajikunja, mfukoni zinaingia. Nikaweka wimbo wetu – lo! Besi imenishika kifua. Kila noti imenona. Ni mimi huyu! Kinyozi akavaa, akafumba macho. Naye kajisikia yeye.

Binti akatueleza: hizo zinaongeza besi zenyewe, hata pasipo na kitu. Kumbe tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisha akaonyesha nyeusi za studio. Kubwa, zinafunika sikio lote. Waya mrefu wa kujiviringa kwa nyumbani, mfupi kwa njiani. Ila zimo kwenye boksi, hazijaribiwi.

"Besi yake nzito, babu, lakini haisemi uongo. Kilichopigwa ndicho utakachosikia."

Nikamtazama Kinyozi. Nikasema anayeogopa ukweli achukue nyekundu. Hakuona haya hata kidogo, akachukua. Mimi nyeusi. Nimetoka dukani kifua mbele kama jogoo.

Alhamisi, 6 Machi

Ni mimi.

Beti mbili safi, nikaanza kutabasamu. Ubeti wa tatu – du. Du. Du. Noti moja! Mbuzi anazunguka kigingi. Nimekumbuka. Zile nyingine zilinitoka kichwani, nikang'ang'ania moja mpaka mwisho. Mwimbaji anasikika akikohoa, ananigutusha. Sikugutuka.

Kinyozi hakusahau hata moja siku ile. Kwa hiyo nimeshinda. Nimekaa chumbani, mshindi, nimeshika tama.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kauliza nimesikia nini. Nikasema bado zinachaji. Akasema zina waya hizo, chaji ya nini.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji yangu kaja, dada wa mke wangu. Wanasukana uani. Hadithi ya posa imeanza upya, na besi imo. Kisha mke wangu kaniita.

"Baba watoto, lete hizo hedifoni. Sikio la kushoto limeshafunga duka, la kulia linafungasha. Nataka niisikie besi yako vizuri, hata mara moja."

Ningecheka, ila hakuwa anatania. Nikasema waya umepotea. Zimo ndani ya kiatu changu, nyaya zote mbili. Akasema amalize kichwa cha dada yake, kisha anakuja kuutafuta mwenyewe. Huyo akitafuta, hupata.

Imebaki mistari minne ya nywele. Nimechungulia nikahesabu.

Nimempigia Kinyozi. Kasema nisikate, amalize ndevu za mteja. Simu iko begani, kalamu mkononi. Mistari mitatu.

Karudi kwenye simu. Nimemwambia: "Ndugu yangu, siku ile umeme ulikatika mashine yako ikiwa katikati ya kichwa changu. Nilikwenda harusini nusu kipara. Walipouliza, nilisema ndio mtindo, jina lako sikulitaja. Fadhila ile sijawahi kukudai."

Kisha akauliza, kwani hizo zako za ukweli zina nini?

Mistari miwili.

"Hazina kitu. Niazime nyekundu. Wimbo mmoja tu, Kinyozi. Hata ubeti wa tatu peke yake."