Mume Wangu Hufunguka Akiwa Jiwe

Mpendwa shangazi,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho, maana nikianza kueleza kazi yangu watu hucheka kabla sijafika kwenye tatizo. Mimi hutunga viumbe. Kuna mchezo tunautengeneza nyumbani kwetu, mimi, mume wangu, kaka yangu na jirani yetu muuguzi, ni mchezo wa kukaa mezani na dadu, kaka ndiye msimulizi, anakwambia uko msituni na mbele kuna daraja, na wewe unaigiza mtu wa nchi hiyo ya kubuni, unasema atakalosema na kutenda atakalotenda, dadu inaamua kama atavuka au ataliwa, na si lazima uwe binadamu, hapo ndipo ninapoingia mimi, kwa sababu wote wasio binadamu ambao mchezaji anaweza kuwa, ni mimi niliyewatunga.

Si kazi ya kitoto, shangazi. Kiumbe lazima apite mlangoni, ashike kikombe, aweze kukaa na wenzake bila kuwala. Na lazima awe na kasoro, maana asiye na kasoro kila mtu atamtaka yeye na mchezo umekwisha. Wenye mbawa nimewapa mifupa myepesi, wanaoona gizani nimewafanya wapofushwe na jua la mchana. Kizuri hakikosi ila, na mimi ndiye mwenye kuitia hiyo ila, na jicho langu halikosei, nikiona jema limezidi mahali mkono unaniwasha mpaka nilisawazishe.

Sasa nikatunga Majabali. Ni watu wa mawe, panga haliwaingii, mmoja wao anabeba mkokoteni na punda wake. Nikatafuta kasoro ya kulingana na nguvu hizo, nikaipata: Jabali hawezi kuficha lililo moyoni, akiulizwa akanyamaza, ufa unamwingia kifuani na nguvu zinamtoka. Mume wangu akamchagua huyo.

Mume wangu ni fundi wa mafriji. Ni mtu mwema, ila ukimuuliza jambo ni kama unapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ni mchapakazi, ila viatu huviacha katikati ya mlango. Juzi alipaka rangi jikoni bila kuambiwa na mtu, ikapendeza kweli, nikamwambia imependeza ila kona ya dirisha ameiruka, akasema "sawa" akaenda kuoga.

Basi Jumamosi iliyopita tukiwa mezani, mimi nikiwa mshika kanuni kama kawaida yangu, kaka akaigiza mlinzi wa daraja, akamuuliza Jabali, "Wewe jiwe zima, unaogopa nini?" Mume wangu akaweka dadu chini. Akasema, "Naogopa kufanya jambo zuri. Kwetu milimani sifa haiji peke yake. Ikiingia mlangoni, nyuma yake kuna kofi. Siku hizi nikimaliza kazi nzuri naificha, ili nipite salama." Muuguzi akatoa leso, kaka akasahau kwamba tulikuwa darajani, na mimi nikamaka, maana hiyo mila ya milimani sijaiandika popote, amejitungia mwenyewe na kumbandika kiumbe wangu. Tulipokuwa tunaosha vikombe nikamuuliza alimaanisha nini. Akasema, "Mchezo tu, mama."

Nina wivu, shangazi, nasema kweli. Anamwambia mlinzi wa daraja asiyekuwepo duniani yale ambayo mimi mkewe sijawahi kuambiwa, na nikilala ananiuma huyo mlinzi kama ni mwanamke wa mtaa wa pili. Mchezo unakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu ijayo, nami nimeamua kuwafanya Majabali wawe bubu, mawe yazungumze ya nini, ila wenzangu wamenigomea, wanasema ndiyo jamii nzuri kuliko zote nilizotunga. Niwakate ulimi, au niwafute kabisa?

Mtunga Viumbe

*

Binti yangu,

Nimekusoma mpaka mwisho na nilicheka mara moja tu, kwenye kona ya dirisha. Halafu nikaacha kucheka.

Pole kwa wivu. Wivu unauma hata kama anayeonewa wivu ni mlinzi wa daraja la kubuni, na kwa hilo sikudharau. Lakini nisikilize. Unasema mila ya milimani hukuiandika popote. Umeiandika, tena kwenye barua hii hii. Mwema, ila. Mchapakazi, ila. Imependeza kweli, ila. Hujamsifu mumeo hata mara moja bila kumkata mguu papo hapo. Hilo ndilo kofi lenyewe, na yeye analisikia likija kabla hujafungua mdomo.

Mezani kazi yako ni kusawazisha, na naamini unaiweza. Tatizo ni kwamba ukiingia jikoni unaingia nayo. Mumeo si kiumbe wa kupimiwa mizani. Hakuna mchezaji atakayelalamika kwamba fundi mafriji wako amezidi uzuri. Au yupo?

Tena nieleze hili. Ulipotafuta kasoro ya kulingana na mwili usioingiwa na panga, kasoro nzito kuliko zote, ulichagua nini? Kusema lililo moyoni! Wewe mwenye jicho lisilokosea. Kisha unashangaa mumeo akiwa nyumbani anaikwepa kasoro hiyo. Nani asingeikwepa, kwa bei unayoitoza?

Na sasa, kwa kuwa mwanamume amepata kidirisha kimoja cha kupumulia, wewe unakitafutia misumari. Mkuki kwa nguruwe, binti yangu. Ungekatwa ulimi wewe, barua hii ungeiandikaje?

Fanya hivi. Majabali waende kwa mpiga chapa na ulimi wao, usiguse hata herufi. Leo mumeo akirudi, tafuta jambo moja alilofanya vizuri, mwambie, halafu funga mdomo. Ulimi ukikuwasha, kunywa maji. Hatakuamini. Atasimama pale na begi lake la spana akingoja kofi, na kumwona anavyongoja kutakuuma kuliko wivu. Uvumilie uchungu huo, ni haki yako kuuona. Usimuulize tena alimaanisha nini, kwa maana sasa unajua. Muombe radhi kwa ile kona ya dirisha. Viatu mlangoni, viruke.

Jumamosi mwachie muuguzi ashike kanuni, wewe ukae upande wa wachezaji, nawe uwe Jabali. Kaka yako akimleta mlinzi wake akuulize unaogopa nini, jibu, mumeo akiwa anasikia. Ukinyamaza, ufa unaujua, ni wewe uliyeuweka.

La mwisho. Mchezo huu nilikuwa siujui kabisa. Leo nimekutana na watu wa mawe wanaopasuka wakificha neno, na nimekuwa nikiwafikiria tangu asubuhi. Umetunga kiumbe mzuri sana.

Unangoja nini? Nimemaliza.