Hina Juu ya Sindano

Jumatatu, 9 Juni
Shule, maji, kisha dugsini, chuo cha Kurani. Kabla ya hayo yote, zahanati. Tumepimwa sote kwa sababu ya kikohozi cha Abti, kaka yake Hooyo, mama yangu. Sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono. Turudi Jumatano wasome kipimo: ngozi ikivimba, huenda vijidudu vimo mwilini. Hooyo amesema neno TB lisitoke nje ya ua huu.

Jumanne, 10 Juni
Mkono umevimba, mwekundu. Hooyo amenipaka hina juu yake, maua mpaka kwenye kiwiko. Watu watadhani ni ya Idi. Imenipendeza. Naona aibu kuandika hivyo.

Jumatano, 11 Juni
Hatukurudi. Hooyo anasema nesi akiiona hina atatugombeza. Jicho la kushoto linawasha.

Alhamisi, 12 Juni
Jekundu. Machozi. Mwanga unachoma.
Hodan, tunayekaa naye dawati moja: "Wallahi, nani amekutia jicho la husuda? Uzuri wenyewe uko wapi?"
Darasa zima likacheka. Nikacheka pia. Mnafiki mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Kwa daktari wa macho, na Hooyo. Kuna kidoti cheupe kando ya mboni. Akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Hooyo haraka: "Vumbi tu, daktari." Akautazama mkono wangu. "Harusi ya nani?" Nikasema ya binamu. Hakuna harusi. Tukapewa dawa ya vumbi.
Nimedanganya, tena Ijumaa.

Jumapili, 15 Juni
Herufi zina ukungu. Naogopa upofu kuliko ninavyomwogopa Hooyo. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetoroka hesabu, nikaenda kwa daktari wa macho peke yangu. Nikapandisha mkono wa buibui. Daktari akapapasa hina, kidole kikakuta uvimbe.
"Kipimo cha TB hiki?"
Nikaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Ni nadra sana, amesema, lakini kipimo kinaweza kuuchokoza mwili mpaka jicho likawaka, hasa kama vijidudu vimelala ndani. Matone mengine. Kesho picha ya kifua, nije na Hooyo.

Jumanne, 17 Juni
Nilimwambia alfajiri. Nilingoja kofi. Alivaa viatu tu. Tukaenda kupigwa picha.

Ijumaa, 20 Juni
Kifua safi. Nitameza vidonge vya kinga kwa miezi kadhaa. Jicho limepoa.
Asubuhi Hooyo alinitia matone mwenyewe, akanishika kidevu muda mrefu. Halafu akawachukua wadogo zangu kwenda kupimwa upya. Jirani akamuuliza getini wanaenda wapi. Nilimsikia akilitaja lile neno. Hakushusha sauti.